Kofia Isiyo na Ua

Ngo. Kimya. Ngo-ngo. Kisha kimya tena.

Romed aliijua kengele ile kama mtu anavyoujua mlango wa kwao. Ilikuwa ya Gamsl, ng'ombe wa kijivu mwenye pembe moja iliyopinda, mkaidi kuliko wote, na mpole kuliko wote mtu akimkuna chini ya kidevu. Lakini Gamsl mwenyewe hakuonekana. Ukungu ulikuwa umeyafunga malisho ya juu tangu alfajiri, na aliyenyoosha mkono hakuviona vidole vyake. Romed alisimama na fimbo yake, akageuza kichwa, akatega sikio la kulia. La kushoto lilichukuliwa na homa alipokuwa na miaka sita.

Ngo.

Akaamua kwamba ni juu, kwenye mteremko wa majani mafupi. Akapanda mbio huku akiita, "Njoo, mama, njoo, njoo," na kila alipopanda kengele ilizidi kufifia. Alikuwa amefika hatua hamsini kengele ilipolia kwa fujo, mlio uliovunjikavunjika kama sahani zinazoporomoka ngazini. Halafu haikulia tena.

Ukungu ulipoinuka, jua likiwa limeshapanda, alimwona. Gamsl alikuwa chini ya genge, upande ule ambao Romed aliupa mgongo.

Baba yake, mzee Ägid, alipanda kutoka bondeni mchana ule ule. Hakuuliza mengi, hakuwa mtu wa kuuliza mengi. Romed alimwambia kwamba jiwe lilimponyoka ng'ombe mguuni, ghafla, na hapakuwa na la kufanya. Mzee alitazama genge, akatazama mteremko wa juu, akatazama tena genge. Kisha aliteremka taratibu kwa kamba, akamvua Gamsl kengele iliyobonyea ukingoni, akaitia kwenye mfuko wake wa mgongoni. Alipopanda tena alivua kofia, akachomoa lile ua jekundu lililokuwa kwenye utepe wake tangu Juni, akaliacha pale juu ya jiwe.

Romed alielewa. Katika bonde lao, kundi linalomaliza kiangazi salama huteremshwa Septemba kwa mataji ya maua na kengele kubwa za sherehe, na watu hutoka majumbani kulipokea. Kundi lililopoteza hata mmoja huteremka tupu. Hakuna taji, hakuna utepe, na kengele zote huvuliwa. Mwenye kundi naye havai ua kofiani mpaka theluji ya kwanza ifunike alama za kwato. Ndivyo ilivyokuwa, na mzee Ägid hakuwa mtu wa kubadilisha yaliyokuwa.

Jambo ambalo Romed hakulisema ni hili: sikio lake la pekee lilikuwa likifa. Kwa mwaka mzima lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki. Maneno yalikuwa yakimfikia yamekatika vipande, na mara mbili alipepesuka penye ardhi tambarare kama mlevi. Alinyamaza kwa kuwa watu kumi na mmoja wenye ng'ombe bondeni walimkabidhi yeye mifugo yao kila kiangazi, na nani atamkabidhi kiziwi ng'ombe wake? Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa bora kuliko wachungaji wote wa mabonde matatu. Hakutaka kuhurumiwa.

Mficha maradhi, wahenga walishasema mwisho wake. Aliyemfichua ni dada yake Zenz, aliyepanda wiki mbili baadaye na mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Alimwita kutoka mlangoni mwa kibanda. Akamwita tena. Mwishowe aliudondosha mfuko wote sakafuni nyuma ya mgongo wa Romed, naye akaendelea kukata jibini.

Zenz alizunguka akasimama mbele ya uso wake. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, Romed. Sikio la kufa halisikii dawa, na lako limeshaanza kuandika wosia. Vaa viatu."

Hivyo wakaenda hospitali ya mjini Innsbruck. Daktari Erlacher, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa kama ya mkamuaji, aliwaonyesha picha ya ndani ya kichwa cha Romed. Pale ambapo mishipa ya fahamu hupita kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo kulikuwa na doa jeupe lenye ukubwa wa njugu. Si saratani, alisema, lakini linakua, na likiachwa litaugandamiza ubongo. Litatolewa. Njia ya kulifikia hupita katikati ya sikio la ndani kabisa, na kile kidogo anachosikia sasa kitakwisha siku hiyo hiyo.

Zenz alimshika mkono. Romed aliuondoa mkono wake.

Daktari alisogeza kiti, akahakikisha anatazamwa mdomoni. "Sikiliza. Sitakudanganya, maana wewe unaonekana mtu wa kukasirika. Nikiutoa uvimbe bila kuuua mshipa wa kusikia, naweza kukuwekea kifaa cha kusikilizia papo hapo, kabla sijafunga. Uzi mwembamba unaingia kwenye kile kikonokono kidogo cha ndani ya sikio na kuugutua mshipa kwa umeme. Lakini kwanza nitaujaribu. Mshipa ukijibu, naweka. Usipojibu, nafunga, basi."

Romed aliuliza uwezekano ni upi. Daktari alisema watu wengi hujibu, wengine hawajibu, na yeye hana kioo cha kutazamia kesho. Akaongeza jambo moja ambalo Romed aliondoka nalo kama kijiwe ndani ya kiatu: iwe hivi au vile, ataamka hasikii kitu. Kifaa hakiwashwi siku ile. Kidonda hupona kwanza, wiki nne, ndipo kinawashwa. Kwa hiyo akiamka hatajua mwenyewe kama amepona au amepotea. Itabidi aambiwe.

Upasuaji ulipangwa siku nne baada ya kundi kuteremka.

Zenz alilisema mezani, mbele ya madonge ya mkate na supu. Alisema kaka yake anakwenda kupoteza sikio. Je, ni dhambi gani kumvisha kila ng'ombe kengele yake kwa siku moja, azisikie kwa mara ya mwisho? Nani bondeni atalalamika?

"Gamsl," alisema mzee Ägid, akaendelea kula.

Romed hakumtetea dada yake. Alitaka kengele zile kama mwenye kiu anavyotaka maji. Lakini alijua aliyemuua Gamsl si jiwe, na hakuthubutu kuomba.

Basi kundi liliteremka tupu. Romed alitangulia, nyuma yake ng'ombe arobaini na watatu wenye shingo tupu, mzee akifunga msafara na kofia yake isiyo na ua. Watu wa kijijini walisimama kando ya barabara wamevua kofia zao, kama ilivyo desturi, na hawakusema neno. Hapo ndipo hofu ilipomkaba. Kila Septemba barabara ile ilitetemeka kwa kengele na vifijo. Sasa aliona kwato zikigusa lami na midomo imefungwa, na hakujua kama ni dunia iliyonyamaza au ni sikio lake lililokwisha kabla ya siku. Akapiga fimbo chini. Hakuwa na hakika. Akapiga tena kwa nguvu, mpaka ng'ombe wa mbele akashtuka, na mtoto mmoja akacheka mdomo wazi bila sauti. Romed alitembea kilomita nne hivyo, akipiga fimbo kila hatua kumi, jasho likimtiririka kwenye baridi. Karibu na kanisa ndama mmoja alilia karibu kabisa na bega lake. Alimsikia, mbali, kama kutoka chini ya kisima. Alitamani kumkumbatia.

Usiku wa kuamkia hospitali alimkuta baba yake zizini, akamwomba kitu. Alisema hataki karatasi za kuhurumiana. Hataki kuamka aone watu wakiandikiana na kuzungusha macho. Anataka kujua mara moja, mlangoni, kama mwanamume.

"Ukija kuniona, baba, chomeka ua kofiani kama mshipa umepona. Kama umekufa, njoo bila ua. Nitaelewa, na hatutalizungumzia."

Mzee aligusa utepe mtupu wa kofia yake. Kisha akatikisa kichwa kwa namna ambayo Romed aliipokea kuwa ndiyo.

Walimlaza kwa dawa asubuhi. Kitu cha mwisho alichosikia duniani kwa sikio alilozaliwa nalo ni gurudumu la kitanda likilialia kwenye sakafu, ng'wii, ng'wii, na alikasirika kwamba ni hicho.

Aliamka ndani ya pamba. Ndivyo alivyohisi: kichwa kimefungwa bandeji kubwa, chumba kinazunguka polepole kama jiwe la kusagia, na hakuna sauti, hata ule uvumi wa nyuki. Muuguzi alimtabasamia. Muuguzi humtabasamia kila mtu, aliwaza. Romed alitikisa mdomo, akapandisha unyusi mmoja kisha mwingine, kama daktari alivyomfundisha, na uso ulikuwa mzima. Muuguzi alimnyooshea karatasi iliyoandikwa. Romed akafumba macho. Alipofumbua, karatasi ilikuwa kwenye meza imefunikwa kwa glasi ya maji, na yeye akageuzia uso mlangoni kungoja. Aligusa bandeji. Ilikuwa nene. Ndani yake pangeweza kuwa na kifaa, au pasiwe na kitu.

Mlango ulifunguka saa tisa mchana.

Mzee Ägid aliingia amevaa koti la Jumapili. Kofia ilikuwa kichwani, utepe wa kijani umepigwa pasi, na juu ya utepe hapakuwa na ua.

Romed hakulia. Alijisikia tu akishuka, kama Gamsl, bila kitu cha kushika. Mzee alikaa, akaanza kusema. Alisema na kusema, yeye ambaye kwa mwaka mzima hasemi maneno ya kujaza kikombe, ndevu zake nyeupe zikipanda na kushuka na kuficha midomo, amesahau kabisa anayeongea naye ni nani. Kisha alifungua mfuko, akatoa kengele iliyobonyea ukingoni, akamwekea mwanawe kifuani.

Kengele ya marehemu. Romed aliitazama. Basi baba amejua, aliwaza. Amejua kila kitu, na amekuja kunizika na huyo niliyemuua. Aliisukuma kengele ikaanguka kitandani, akageukia ukutani. Mkono wa mzee ulimgusa bega. Akautikisa ukatoka.

Alikaa hivyo kwa muda ambao baadaye Zenz aliapa haukufika dakika ishirini. Kwa Romed ulikuwa kiangazi kizima. Alihesabu kazi ambazo kiziwi anaweza kufanya: kupasua kuni, kusafisha mazizi, kuosha ndoo za maziwa za watu wengine. Aliwaona wale watu kumi na mmoja wenye ng'ombe wakimpigia saluti kwa mbali, wakizidisha midomo wanaposema habari za asubuhi, kana kwamba amekuwa mtoto.

Kitanda kilitikisika. Aligeuka. Zenz alikuwa amefika kutoka kuegesha gari, na alikuwa akimgombeza baba yao. Romed hakusikia neno, lakini alikuwa amemfahamu dada yake maisha yake yote na aliona kila neno likiruka. Zenz alinyoosha kidole kwenye kofia; mzee alikuwa ameshamweleza habari ya ua. Mzee akainua mabega. Zenz alikwenda kwenye chombo cha maua cha mgonjwa wa dirishani, mzee mwingine aliyefungwa kichwa, akachomoa ua la manjano bila kuomba, akalichomeka kwenye utepe wa kofia ya Ägid. Ägid akalichomoa, akampa. Zenz akalirudisha. Ägid akalichomoa tena na kuonyesha dirishani, kwenye milima, ambako vilele vilikuwa vyeusi bado. Theluji ilikuwa haijaanguka.

Mgonjwa wa dirishani alikuwa akicheka mpaka bandeji inamcheza.

Zenz alikwenda kwenye meza, akaondoa glasi, akachukua ile karatasi ya muuguzi na kumshikia Romed mbele ya macho kwa nguvu, kama mtu anayemwonyesha mwizi alichoiba. Mwandiko ulikuwa wa Daktari Erlacher, herufi kubwa. Mshipa umejibu. Kifaa kimewekwa. Pumzika.

Chini yake Zenz alikwangua kwa kalamu, karibu kuitoboa karatasi: *Mzee huyu anasema hawezi kuvaa ua mwaka ambao ng'ombe amelala mwambani, hata kwa ajili yako. Alidhani kengele ingekuambia yenyewe kwamba utasikia tena.*

Romed alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameshika ua la manjano mkononi, hajui aliweke wapi.

Wiki nne si nyingi kwa mtu mwenye kazi. Romed hakuwa na kazi. Alijifunza kutembea upya akishika ukuta, maana uvimbe uliondoka na usawa wa upande ule. Kila asubuhi alitembea mpaka zizini na kurudi, kisha mpaka kanisani. Mshipa ulijibu, alijiambia. Lakini ulijibu mashine. Mtu aliyelala anaweza kujibu "ee" akiitwa, na akiamka hakumbuki kitu.

Siku ya kuwasha walikwenda watatu. Theluji ilikuwa imeanguka juu siku mbili kabla, na mzee Ägid alikuwa na ua jekundu kofiani, la mwisho kutoka kwenye sanduku la maua la dirishani, limenyauka pembeni. Hakulitaja, na hakuna aliyethubutu.

Walimpachika kifaa cha nje nyuma ya sikio, na kidude cha mviringo kikajishika chenyewe kichwani kwa sumaku. Daktari alikaa mbele ya kompyuta, akamwandikia: ukisikia chochote, inua kidole.

Romed alingoja. Daktari alibonyeza. Hakuna. Akabonyeza tena. Zenz alikuwa akitafuna ncha ya skafu yake. Hakuna. Romed aliona jasho likitoka kwenye vidole vyake na kuloanisha goti la suruali. Akaanza kutafuta ndani ya kichwa chake kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye giza, na alipotafuta sana alihofia atausikia uongo.

Pi.

Kidole kiliinuka kabla yeye hajakiamuru.

Pi, pi. Kidole. Pi, nyembamba zaidi. Kidole. Daktari aliitikia kwa kichwa, akasogeza kitu, kisha akasema neno, na chumba kikajaa bati. Ndivyo lilivyokuja: makopo, vyuma, bata.

Romed alimgeukia dada yake. "Sema kitu."

Zenz alisema. Midomo yake ilikuwa ikisema jina lake, Romed, Romed, lakini sauti ilikuwa ya bata aliyemeza redio. Alimwambia hivyo. Zenz alicheka huku machozi yakimtoka, na kicheko nacho kilikuwa kibaya ajabu, na kilikuwa sauti.

Hapo mzee alitoa kengele. Aliitikisa mara moja, akamtazama mwanawe kwa jicho kali.

Tak.

Msumari juu ya kifuniko. Mzee akatikisa tena. Tak, tak. Haikuwa Gamsl. Haikuwa ng'ombe wala mlima wala kitu chochote alichokijua. Romed alihisi uso wake ukianguka na hakuweza kuuzuia. Daktari alimwandikia kwamba hivyo ndivyo inavyoanza, kwamba ubongo hujifunza upya kama mtoto, miezi, pengine mwaka, na kila siku itakuwa bora kama atakivaa na kufanya mazoezi. Romed alisoma mpaka mwisho. Kisha akauliza swali alilolibeba tangu Agosti.

"Nitajua inalia wapi?"

Daktari alimtazama mdomoni na machoni. Akaandika taratibu: *Hapana. Kwa upande mmoja tu, na kwa kifaa, hapana. Utasikia kwamba ipo. Hutajua ilipo.*

Chumba kilikuwa na mvumo mdogo wa bati, na Romed akatambua kwamba huo ndio ukimya mpya. Alimwomba Zenz kalamu, akaisukuma karatasi kwa baba yake, kisha akasema mwenyewe, polepole, asijue sauti yake ina ukubwa gani.

"Hapakuwa na jiwe, baba. Niliisikia kengele. Nilijua sikio linakufa na nikanyamaza. Nilikimbilia juu, naye alikuwa chini."

Mzee Ägid alivua kofia akaiweka gotini. Aliandika kwa shida, mtu asiyeshika kalamu kwa wepesi, na Zenz alipotaka kumsaidia alimpiga kiwiko.

*Nilijua siku ile ile. Nyasi zilikuwa zimelala kuelekea juu. Anayeponyokwa na ng'ombe hapandi mlima. Nilingoja uniambie mwenyewe.*

Romed alisoma mara mbili. Mzee akairudisha karatasi kwake, akaongeza mstari: *Mwakani napanda nawe. Miguu yangu mibovu, masikio mazima. Tukiunganishwa tutapata mtu mmoja.*

Zenz alisoma juu ya bega lake, akasema kitu cha bata, pengine kwamba mtu huyo mmoja atakuwa mkaidi wa watu wawili.

Romed aliichukua kengele mapajani mwa baba yake. Aliitikisa mwenyewe, kidogo. Tak. Akaishika isilie zaidi, akamtazama mzee usoni.

"Jumapili nitawaambia wenye ng'ombe wote kumi na mmoja, kwa mdomo wangu, wachague kama bado wananitaka. Na wakinitaka, siku ukungu ukifunga na kengele ikalia, sitakimbia, baba. Nitasimama palepale nilipo, nitakuita kwa sauti yangu yote nikuulize iko wapi, na sitainua mguu mpaka umenionyesha. Nakuahidi."